Dola 200 za kurekodi safari ya pikipiki, Lubumbashi hadi Kolwezi na kurudi

Mwana Katuba

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Mwezi wa saba, Mungu akitujalia, mdogo wangu na mimi tutatoka Lubumbashi kwa pikipiki mbili za CC 125, tupite Likasi na Fungurume mpaka Kolwezi, tulale huko siku mbili kwa mjomba, kisha turudi kwa njia ileile. Ni takriban kilomita 300 za kwenda tu, na najua kwamba kwa madereva wa malori walio humu hiyo si safari ya kusimulia, lakini kwetu sisi ni ya kwanza.

Sababu ya kutaka kuirekodi ni nkambo wetu, mama mzaa mama. Alizaliwa Likasi wakati mji huo ukiitwa Jadotville, na tangu magoti yalipomkataa hajatoka nje ya Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Anataka kuiona ile njia. Nina dola 200 kwa ajili ya kamera pamoja na vikorokoro vyake vyote. Muuzaji mmoja mjini ananipa kamera ndogo mpya kwa dola 45, sanduku lake limeandikwa 4K (ukubwa wa juu wa picha) kwa herufi kubwa, na ndani kuna vibano na mikanda isiyohesabika. Rafiki yangu naye anasema nisipoteze fedha, nifunge simu kwenye usukani, yatosha. Naomba ushauri wenu kuhusu kamera ya kununua, mahali pa kuifunga, betri, na namna ya kupata sauti ya mtu badala ya sauti ya upepo.

Fundi wa Kamalondo

Kaka, hiyo ya dola 45 iache. Kamera nyingi za bei hiyo zina kihisi (kile kinachonasa picha nyuma ya lenzi) kidogo kisichoweza kutoa 4K ya kweli. Kinachofanyika ni kwamba picha ndogo inavutwa mpaka ifikie ukubwa ulioandikwa kwenye sanduku, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Kibaya zaidi, mara nyingi hazina utulizaji wa picha unaofaa, na juu ya pikipiki kamera isiyotuliza picha itamtia nkambo kichefuchefu kabla hamjamaliza kutoka mjini.

Tafuta iliyotumika, ya kampuni inayojulikana. Mimi natumia GoPro HERO7 Black, toleo la mwaka 2018, ambalo ndilo la kwanza kuwekewa utulizaji wanaouita HyperSmooth, nami niliinunua kwa mtu kwa dola 110. HERO5 Black ya 2016 ni rahisi zaidi, ila utulizaji wake unakoma kwenye 2.7K, haufanyi kazi kwenye 4K, jambo ambalo kwa televisheni ya nyumbani halina hasara yoyote. DJI Osmo Action ya kwanza, ya 2019, nayo ni nzuri, na ina kioo cha mbele kinachokuwezesha kujiona unapozungumza. Matoleo ya Black ya HERO5 mpaka HERO7 yana faida moja ambayo HERO8 haina: kioo kidogo kinachofunika lenzi hutoka, kwa hiyo vumbi letu likikikwaruza unabadilisha kioo tu. Kabla ya kulipa, toa betri uiweke juu ya meza tambarare uone kama imevimba, kagua mpira wa kuzuia maji kwenye kifuniko, kisha uiache irekodi dakika ishirini mfululizo mbele ya muuzaji. Kamera mbovu hujisema yenyewe ndani ya dakika hizo.

Sasa mahali pa kuifunga, na hapa ndipo wengi wanapopoteza safari nzima. Usiifunge kwenye usukani wala kwenye kioo cha pembeni. Injini ya silinda moja ina mtetemo mdogo wa haraka sana, na kihisi cha kamera husoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Kabla hakijafika mstari wa mwisho, injini imekwisha kuisogeza kamera, na picha yote inatikisika kama uji kwenye sufuria. Utulizaji unaweza kunyoosha shimo la barabarani, lakini mtetemo huo hauwezi. Dawa ni kuifunga kidevuni mwa helmeti inayofunika uso mzima, kwa sababu kiuno, mgongo na shingo yako vinameza mtetemo bure bila kukudai dola.

Safisha pale kidevuni kwa spiriti, bandika kishikio, halafu ukiache siku nzima kabla ya kukitegemea, la sivyo gundi itakuaibisha. Usitoboe helmeti hata kidogo. Funga pia kamba nyembamba kutoka kwenye kamera mpaka kwenye mkanda wa helmeti, lakini iwe kamba inayoweza kukatika, kwa maana ukianguka ni heri kamera iende zake peke yake.

Kama unataka na picha ya chini, ile inayoonyesha gurudumu likila lami, tumia bomba la chuma linalolinda injini. Mwombe fundi wa tairi tyubu iliyokwisha kazi, kata ukanda wenye upana wa vidole viwili, uzungushe mara tatu kwenye bomba, kisha weka kibano juu ya mpira. Kaza mpaka mpira uanze kutoka pembeni kama ulimi, halafu legeza nusu mzunguko. Ukikaza zaidi ya hapo, mpira unakuwa chuma na mtetemo unapita wote.

Ukibakiwa na fedha, nunua pia kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kinachobandikwa mbele ya lenzi. Kiangazi chetu kina jua kali mno.

Dada wa Ruashi

Nasalimu wote. Mimi kazi yangu ni kurekodi harusi na matanga, si pikipiki, ingawa barabara ya Likasi nimeipita mara nyingi nikiwa nimepakiwa kwenye kiti cha nyuma na begi la kamera kifuani. Yaya (mkubwa wangu) Fundi amesema kweli tupu kuhusu kamera na kuhusu mahali pa kuifunga, lakini kuhusu kioo cheusi sikubaliani naye.

Kile kioo hutumika ili shata (pazia la ndani ya kamera linalopitisha mwanga) ifunguke polepole, labda sehemu moja ya sitini ya sekunde, na mwendo uonekane laini kama wa sinema. Ni kweli juu ya gari lililotulia. Juu ya CC 125, kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, itakayochukuliwa polepole hivyo itakuwa imekwisha kuchafuliwa na mtetemo ndani yake, na hakuna utulizaji unaoweza kuisafisha fremu iliyotoka na ukungu. Acha kamera ichague shata yake ya haraka chini ya jua. Mwendo utaonekana mkavu kidogo, lakini kila kitu kitasomeka, na nkambo anataka kusoma njia. Fedha hizo ziweke kwenye betri ya pili.

Jambo la jua lina maana zaidi kuliko kioo chochote. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi mnaelekea kaskazini-magharibi, halafu magharibi. Mkiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua litakuwa mgongoni, rangi zitatoka zilivyo, na udongo mwekundu utaonekana mwekundu. Mkichelewa mkaondoka mchana, saa kumi jioni mtakuwa mnaendesha moja kwa moja kuelekea kwenye jua, na kila alama ya mdudu kwenye lenzi itang'aa kama taa. Wakati wa kurudi ni kinyume chake: pumzikeni asubuhi, muanze safari baada ya saa sita mchana, mkalale Likasi, msije mkaendesha gizani. Shukuruni pia kwamba mnakwenda mwezi wa saba, kwa sababu kuanzia mwezi wa nane moto wa porini huzidi na moshi hulifuta pori lote nyuma ya ukungu wa kijivu. Ila asubuhi za mwezi wa saba ni baridi, nanyi mnaijua baridi ya kwetu. Betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi, basi za akiba zikae kwenye mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili.

Sauti. Maikrofoni ya kamera iliyoko kidevuni itakupa upepo peke yake mara tu utakapopita mwendo wa baiskeli. GoPro za zamani zinahitaji adapta maalumu ili zipokee maikrofoni ya nje, adapta hiyo ni ghali, tena ni kubwa na inaning'inia. Fanya hivi: chukua spika za masikio za waya zenye kimaikrofoni, zile za simu, upitishe waya ndani ya helmeti, na kimaikrofoni ukifiche chini ya sponji ya shavuni karibu na kona ya mdomo, kimefunikwa kipande cha sponji nyingine. Simu ikae mfukoni ikirekodi sauti. Kamera na simu zikiwa zote zimewaka, piga kofi moja mbele ya lenzi na useme mahali mlipo. Nyumbani utalitafuta lile kofi kwenye picha na kwenye sauti, uzilinganishe, basi. Rudia kofi kila mnaposimama, maana simu na kamera hazihesabu muda sawasawa kabisa, na baada ya saa nzima midomo na maneno huanza kuachana.

Kuna na jambo ambalo vijana hawapendi kuambiwa. Picha ya barabara inayokuja mbele ya helmeti inapendeza kwa muda wa nusu dakika. Baada ya hapo ni barabara tu. Harusini mimi sirekodi msafara wa magari kwa saa mbili, narekodi mlango wa gari ukifunguka na mkono wa bibi harusi ukitafuta pa kushika. Nanyi simameni. Mmoja atangulie mita mia tatu, ashuke, aweke kamera chini kwenye ukingo wa lami, mwingine apite. Sekunde kumi zinatosha. Simameni kwenye kichuguu kirefu kuliko mtu, kwenye daraja la mto lisilo na askari, kwenye mama anayeuza viazi vitamu, na yeye msalimieni na kumwomba ruhusa kabla kamera haijatoka mfukoni, tena nunueni hata fungu moja. Sauti ya kumsalimia huyo mama kwa nkambo wenu itazidi kilomita hamsini za lami.

Mwana Katuba

Nashukuru sana yaya Fundi, na wewe dada. Nina maswali mawili tu. La kwanza: mdogo wangu amekwisha kununua kishikio cha simu cha kufunga kwenye usukani, naye anasema simu yake ina kamera nzuri kuliko GoPro ya mwaka 2018, je, tumzuie? La pili ni kadi za kumbukumbu. Mjini naziona za gigabaiti 512 kwa dola 10, na nilidhani moja ingetosha safari yote.

Fundi wa Kamalondo

Mzuieni leo hii. Simu nyingi za sasa zina lenzi inayoelea juu ya sumaku ndogo ili kutuliza picha, na mtetemo wa injini ukiipiga kwa saa nyingi, ule utaratibu unaharibika. Apple yenyewe ilitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na hata kwa injini ndogo ikashauri kutumia kishikio chenye kupunguza mtetemo. Simu yangu mwenyewe ilipata ugonjwa huo baada ya miezi mitatu ya kuning'inia kwenye usukani: ukifungua kamera, picha inatetemeka kama mtu mwenye homa, na ndani ya simu unasikia kitu kikigonga. Simu ikae mfukoni irekodi sauti, kama dada alivyosema, na itoke mnaposimama.

Kadi ya gigabaiti 512 kwa dola 10 ni ya uongo, ndugu yangu. Ndani mna gigabaiti 16 au 32, na programu yake imechezewa ili idanganye. Itapokea picha zako zote bila kulalamika, na utakapofika Kolwezi utakuta mafaili yana majina lakini hayafunguki. Fanya hesabu: kamera ikiandika megabiti 60 kwa sekunde, saa moja ya picha ni gigabaiti 27, kwa hiyo kadi halisi ya 64 inajaa baada ya saa mbili na dakika ishirini hivi. Kwa kuwa hamtarekodi mfululizo, kadi mbili za 64 zinawatosha kabisa, na ni salama kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikipotea bado mna nusu ya safari. Ziwe na alama ya V30 au U3, yaani zinaandika megabaiti zisizopungua 30 kila sekunde. Ukishazinunua, zijaribu kwenye kompyuta kwa H2testw, au F3 kama unatumia Linux; programu hizo ni bure, zinaijaza kadi yote kisha zinaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda, lakini muuzaji akiona unarudi na matokeo, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kuhusu kioo cheusi, nimemsikia dada. Nilikizoea kwa pikipiki kubwa ya rafiki yangu, na sikuwahi kukijaribu kwenye CC 125. Nakubali.

Lori la Kampemba

Vijana, mimi napita njia hiyo karibu kila wiki na mzigo, na mambo ya kamera siyajui, ila ninajua mahali pa kuizima. Kabla ya kila peaje (pale pa kulipia barabara) na kila kizuizi, izimeni na muitoe kidevuni, msiigeuze tu pembeni, maana askari akiona jicho la kioo linamtazama hataamini kwamba limelala. Msirekodi milango ya migodi, askari, wala majengo ya serikali, na madaraja makubwa pia myaache mpaka mmeuliza. Pale Fungurume barabara inapita katikati ya shughuli za migodi, basi kamera na ikae mfukoni mpaka mtoke upande wa pili. Mwaka uliopita kijana mmoja alisimamishwa mbele yangu kwenye kizuizi, akaanza kubishana kuhusu haki zake, na alipoachiwa jua lilikuwa limezama, kadi yake imefutwa yote. Angebakiwa na picha za asubuhi kama kadi ya asubuhi ingekuwa soksini.

Jambo jingine ni sisi wenyewe. Lori la shaba halisimami upesi. Msitupite kwenye kona kwa ajili ya picha, wala msikae nyuma yetu mkirekodi, kwa sababu kokoto tunazorusha zitakula hicho kioo cha lenzi na nyuso zenu pia. Lenzi ikishika vumbi msiifute kwa shati. Mwagieni maji kwanza, halafu kitambaa laini.

Mwana Katuba

Papa Lori, nimekusikia, asante. Nawaletea habari. Nimepata HERO7 iliyotumika kwa dola 115, kishikio cha kidevuni pamoja na gundi dola 12, kadi mbili dola 38, betri mbili za akiba dola 25. Jumla ni dola 190, na kumi zilizobaki nimezitenga kwa ajili ya fungu la viazi vitamu la dada wa Ruashi. Kadi moja ilishindwa mtihani wa H2testw, nikairudisha, na kweli mazungumzo yalikuwa mafupi.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kujaribu mpaka Kipushi, kilomita 30 hivi. Kosa la kwanza: nyumbani niliielekeza kamera nikiwa nimesimama wima mbele ya kioo, nikasahau kwamba juu ya pikipiki kidevu huinuka, kwa hiyo nusu ya picha ni mbingu. Nimeiinamisha mpaka ukingo wa chini unaonyesha kidogo mikono yangu na saa ya mwendo, na sasa inakaa sawa. Betri moja ilichukua saa moja na dakika chache. Sauti ya chini ya sponji ilitoka safi kuliko nilivyotarajia, kiasi kwamba nilijisikia nikiimba wimbo wa kwaya njia nzima bila kujua, na mdogo wangu ameusambaza kwa ukoo mzima.

Jioni nilimwonyesha nkambo kwenye televisheni. Alitazama kimya mpaka tulipompita mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, yamefungwa marefu kuliko kichwa chake, akiegemea kwa bega ili isimwangukie. Kwenye picha ni sekunde tatu tu. Nkambo aliniambia nirudishe, nikarudisha, akasema nirudishe tena. Kisha akauliza kama yule mzee tulimsalimia, na kwa nini tulikuwa na haraka kiasi kile.